Mikono ile ukutani



Ukiingia nyumba nyingi za Wakatoliki hapa Mahama, utakuta ukutani picha moja, pembe zimejikunja na moshi wa jiko umeigeuza rangi ya chai. Ni ile ya Yesu wa Huruma, Wanyarwanda wanamwita Yezu Nyirimpuhwe. Wengi huangalia uso, au ile mionzi miwili, mmoja mwekundu, mwingine mweupe. Sisi nyumbani tunaangalia mikono. Wa kuume umeinuliwa kubariki, wa kushoto unagusa nguo kifuani, na alama ya misumari inaonekana.

Ilianza kwa sababu ya mama. Siku moja ya kuhakiki majina, mashine ilikataa vidole vyake. "Mama, futa mkono, weka tena," kijana akasema. Akafuta, akaweka, ikakataa. Mama amelima Masisi, halafu akalimia watu Gihembe mpaka kambi ile ilipofungwa mwaka 2021 tukaletwa huku. Amepasua kuni, amefua nguo za wengine. Alama za vidole zimefutika, si ajabu. Akaambiwa asimame kando, akasimama mpaka saa kumi, ndipo wakaandika jina lake kwa kalamu. Jioni hakulalamika. Alikaa akitazama ile picha, kisha akauliza: "Wanangu, na huyu, mashine ingemkubali?" Tulicheka, lakini swali lilibaki nasi.

Baadaye tulimpeleka Kigali kutibiwa macho, tukalala kwa mjomba kule Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili hakikauki. Siku zilikuwa nyingi za kungoja, basi tukaanza kuuliza na kusoma. Kumbe picha yetu si ya zamani sana. Mtawa Faustina wa Polandi alisema alimwona Yesu hivyo mwaka 1931, na Eugeniusz Kazimirowski akaichora mwaka 1934 mjini Vilnius. Ila mkono wenyewe ni wa zamani mno. Huko Dura-Europos, Siria, kwenye sinagogi lililochorwa mnamo mwaka 244, Wayahudi hawakuthubutu kuchora sura ya Mungu. Walichora mkono tu, unatoka juu. Katika picha takatifu za Waorthodoksi, vidole vya Yesu anayebariki hupindwa vifanye herufi za jina lake kwa Kigiriki. Yaani hata asiposema, mkono unamtaja. Na Wabuda nao huchonga Buddha ameinua kiganja wazi, maana yake usiogope. Watu waliokaa mbali hivyo, ishara karibu moja!

Jirani wa mjomba, mzee Mwislamu, alituambia yeye hana haja ya picha. Anafungua viganja viwili akiomba dua, na tasbihi anahesabu kwa vidole. Akatukumbusha kwamba katika Sura ya Yasini imo habari ya siku ya mwisho, midomo itafungwa na mikono itasema. Mama alimsikiliza kuliko alivyomsikiliza daktari. Akaangalia vidole vyake, akasema basi vyangu vitakuwa na maneno mengi.

Wakati wa kurudi tulisimama Nyakarambi, hapa hapa wilayani Kirehe, kwa akina mama wa imigongo. Kazi hiyo inasemekana ilianzishwa na Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka. Kinyesi cha ng'ombe kinachanganywa na majivu, kinapangwa juu ya ubao kwa vidole vitupu, mistari inainuka kama matuta ya shamba. Kikikauka kinasuguliwa hadi kiwe laini, halafu rangi: nyeusi, nyeupe, nyekundu. Hakuna mkono uliochorwa pale, lakini hakuna mstari ambao mkono haukuupitia. Kwetu sisi hiyo ni sala kama nyingine, ukiona wanavyokaa kimya wakirudia mstari ule ule, ule ule.

Mama alipapasa ubao mmoja. "Na huu nao hauna alama za vidole," akasema. Fundi akajibu kwamba zinaondoka kwenye kusugua. Bei ilitushinda. Wakaagana kwa kushikana mikono yote miwili, wakikawia kidogo, kama wafanyavyo watu wazima wa huku.

Kama nyumbani kwenu kuna picha ya namna nyingine yenye mikono, iwe ya kanisani, ya msikitini au ya babu, tuleteeni habari zake, tupate kuzisoma humu mwezi ujao.