Barua kutoka mwisho wa reli, kuhusu taa yako

Shemeji,

 Treni ilinifikisha Kigoma salama ingawa kiuno bado kinalalamika. Mwambie dada kwamba mawese nimeshanunua, dumu zima, na migebuka mikavu nitaibeba mwenyewe hata kama behewa zima litaninunia kwa harufu.

Ulinituma mambo mawili. La kwanza, nikuangalizie hao samaki wako wanaishije kwao. La pili, niwaulize watu wanaowashika kila siku kama ile taa ya UV uliyoiona Kariakoo ina maana, au ni njia nyingine ya kumaliza hela ya ada za watoto. Yote nimeyafanya. Nitakuandikia kama yanavyonijia. Mpangilio tuwaachie walimu.

Ujiji nilipita tu, mnara wa Livingstone sikwenda. Kigoma penyewe, ghuba ya bandarini si mahali pa kumwonyesha mtu anayesifia maji ya Ziwa Tanganyika. Mvua zinashusha tope kutoka vilimani, boti zinaacha mafuta, na ukiingiza mkono hadi kiwiko vidole huvioni vizuri. Nilipanda mtumbwi wa mashine tukaelekea kusini, tukapita Katonga, mchanga ukaisha mawe yakaanza. Hapo, shemeji, nikaelewa kwa nini Wazungu wanalipia samaki mmoja bei ya mbuzi. Nilivaa miwani ya kuzamia, nikainamisha uso majini. Mawe yanashuka chini na bado unayaona, jiwe baada ya jiwe, na juu ya kila jiwe kuna samaki anayeparua mwani kama ana deni. Hao ni Tropheus, ndugu wa hao wako. Wanakula kutwa nzima na wanapigana kutwa nzima. Pembeni, kwenye kijimchanga, niliwaona wale wadogo wanaojificha ndani ya makombe ya konokono. Mmoja alitoka kunitisha, urefu wake haufiki kidole changu.

Mzamiaji aliyenipeleka, mzee wa Kiha mwenye maneno machache, nilimuuliza ni nini kinachoyaweka maji haya safi namna hii. Akacheka. "Njaa," akasema.

Nilidhani anatania, maana ndiyo desturi ya huku, lakini alikuwa na hoja. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu. Oksijeni inaishia mita 100 hadi 200 hivi. Chini ya hapo hakuna samaki anayepumua. Kila kinachokufa kinazama huko na mbolea yake, na mbolea hiyo inabaki huko, isipokuwa upepo wa kusini wa kiangazi unapoyasukuma maji ya juu na kuvuta kidogo kutoka chini. Kwa hiyo mwani unaoelea hauna cha kula. Hakuna taa inayouua.

Sasa rudi kwenye tangi lako la sebuleni. Lita 200, limewekwa mkabala na dirisha la magharibi, na wewe unawapa chakula kila mgeni anapoingia ili aone wanavyogombea. Maji yamekuwa ya kijani kama mchicha uliosagwa. Huo ndio ugonjwa wako, na ndiyo maana yule kijana wa dukani akakuonyesha taa.

Nisimsingizie, hakukudanganya. Nilipelekwa kwenye kituo kimoja kinachopeleka samaki wa mapambo nje ya nchi (jina nalihifadhi, hawakunikaribisha ili niwatangaze), na nikakaa karibu mchana mzima na msichana anayesimamia matangi. Kuna matangi ya saruji na ya kioo, safu kwa safu. Frontosa wakubwa wenye nundu kichwani wako peke yao. Hao wanaishi kwenye kina kirefu, na huwezi kuwavuta juu mara moja; wanapandishwa polepole, kwa siku kadhaa, ili kibofu cha hewa kisiwapasue. Wa Kigoma wana mistari saba wakati ndugu zao wa kwingine wana sita, na mstari huo mmoja wa ziada unapandisha bei. Kabla ya kusafirishwa samaki wanafungishwa, hawali, ili wasichafue maji ndani ya mfuko. Halafu mfuko wa plastiki, maji kidogo, oksijeni nyingi, boksi la povu, na safari.

Taa nilizikuta. Mrija mweusi wa plastiki, unene kama wa mkono wa mtoto, maji yanaingia huku na kutokea kule. Ndani kuna taa yenye mvuke wa zebaki inayotoa miale ya urujuanimno, ndiyo hiyo UV, ya nanomita 254 hivi, na taa yenyewe imevalishwa bomba la kioo cha kwatzi. Kioo cha kawaida hakifai kwa sababu kinaizuia miale hiyo. Kiumbe mdogo akipita karibu, miale inaharibu vinasaba vyake, anashindwa kuzaliana. Hafi pale pale kama mbu kwenye dawa ya Rungu. Anakosa uzao tu, ukoo unaishia hapo. Teknolojia yenyewe ni ya zamani, mji wa Marseille kule Ufaransa uliijaribu kwa maji ya kunywa mwaka 1910. Na jambo lililonifurahisha: miale ya aina hiyo kutoka kwenye jua inazuiwa na tabaka la ozoni kabla haijafika duniani, kwa hiyo hakuna mdudu wa ziwa hili aliyewahi kukutana nayo. 

Nikamuuliza yule msichana, mbona basi taa ziko kwenye safu moja tu? Akanipeleka kuona mabomba. Safu zile nyingine zinapokea maji mapya ya ziwa muda wote na yakishapita yanatoka. Safu yenye taa ni ile inayozungusha maji yale yale, matangi kumi na kitu yanakunywa chungu kimoja. Samaki mmoja akija na ugonjwa, bila taa ugonjwa unatembea kutoka tangi hadi tangi kwa bomba. Taa imekaa kwenye bomba hilo kama mlinzi wa geti: anawakagua wanaopita mbele yake, walioruka ukuta hana habari nao.

Hapo ndipo lilipo jambo lako, shemeji. Wewe una tangi moja. Samaki mgonjwa na mzima wanalala kitanda kimoja.

Chukua ule ugonjwa wa madoa meupe uliowaua samaki wako wa kwanza. Kimelea chake kikiwa kwenye ngozi ya samaki, taa haikifikii. Kikishiba kinaanguka chini, kinajifunga kwenye gamba, kinajigawa mara mamia. Hapo pia taa haikifikii. Kinachoweza kupita kwenye taa ni watoto wake, wanapotoka kuogelea kutafuta samaki wa kushika, nao wana siku moja au mbili tu za kufanya hivyo. Katika tangi dogo lenye samaki wengi, wengi wao watamkuta samaki kabla ya kuikuta pampu. Taa itapunguza idadi, na kupunguza si jambo dogo, lakini ukiambiwa kwamba inatibu, kataa.

Kuna pia hesabu ambayo wauzaji hawaisemi. Pampu ikizungusha lita 200 katika tangi la lita 200, usifikiri maji yote yamepita. Yaliyosafishwa yanarudi na kuchanganyika na yasiyosafishwa, na mengine yanapita mara mbili. Zaidi ya theluthi ya maji yako yatakuwa hayajaiona taa kabisa. Na ukiongeza kasi ya pampu ili yapite mengi, kila tone linakaa mbele ya miale muda mfupi zaidi. Kwa mwani unaoelea na bakteria wengi kasi hiyo inavumilika. Vimelea kama hivyo vya madoa vinahitaji kipimo kikubwa mara kadhaa, yaani maji yaende taratibu. Taa moja ndogo ya wati 9 haiwezi kukufanyia kazi zote mbili kwa pampu moja. Chagua.

Kwa maji ya kijani, nakiri inafanya kazi vizuri mno. Siku chache, wiki labda, unaona hadi ukuta wa nyuma. Bakteria wazuri waliokaa ndani ya chujio hawaguswi, kwa sababu wameshika sifongo, hawaelei. Mwani uliogandamana na kioo na mawe nao hauguswi, na samaki wako wa Tropheus watakushukuru kwa hilo maana ndicho chakula chao.

Lakini mwani ule wa kijani ulikuwa unakula kitu. Ulikuwa unakula uchafu wa samaki wako, amonia na naitreti. Ukiuua, uchafu unabaki bila mlaji, na taa haiondoi amonia hata chembe. Samaki wa Tanganyika wanataka maji magumu yenye pH ya karibu 9, nawe umejitahidi kuyafikisha huko kwa chokaa na mawe ya matumbawe. Kwenye maji ya pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Kosa dogo la chakula ambalo perege wa jirani angelimeza bila kujua, kwa Tropheus ni msiba. Utakuwa na maji ya kung'aa na samaki wanaohema juu juu, na dada atauliza mbona umeme wa LUKU unaliwa na samaki bado wanakufa.

Kuhusu umeme, hapo mtetezi wa taa nipo: wati 9 mchana na usiku ni kama uniti sita na nusu kwa mwezi. Si taa inayoumaliza umeme wenu.

Kama bado unaitaka, na najua unaitaka, sikiliza alivyoniambia yule msichana, maana ndiye anayezifungua kila wiki. Taa inakaa baada ya chujio, maji yafike kwake yakiwa hayana takataka, vinginevyo miale inaishia kwenye vumbi. Lile bomba la kwatzi linashika utando, na kwa maji magumu kama yako linashika na chokaa nyeupe. Mpaka ulisugue kwa siki, sehemu ya mwanga inabaki humo humo. Taa yenyewe ikifika saa 8,000 hivi, yaani kama mwaka ukiiacha imewaka, inabidi ibadilishwe hata kama bado inatoa ule mwanga wa samawati. Mwanga unaouona siyo ule unaoua. Kuwasha na kuzima kila mara kunaifupishia maisha. Ukitia dawa majini izime, kwa sababu dawa nyingi zinavunjwa na miale hiyo hiyo.

Na zile za wazi, zinazouzwa bila mrija wa kuficha, za kutumbukiza tu ndani ya tangi, usizilete nyumba yenye watoto. Miale hiyo inachoma macho kama ya mchomeleaji asiye na miwani, na jicho linaanza kuwasha saa kadhaa baadaye, usiku, ukiwa umeshasahau ulichotazama. Samaki naye hana kope. Taa ikivunjika, kumbuka ndani kuna zebaki.

Jana usiku nilikaa Kibirizi kuangalia wavuvi wa dagaa wakitoka. Mwezi ulikuwa mwembamba, ndiyo nafasi yao. Ukiwa mpevu wanapumzika kwa sababu taa zao haziwezi kushindana na mwanga wake. Zamani walitumia karabai, siku hizi wengi wana taa za betri. Nilimweleza mmoja kwamba Dar kuna mtu anataka kununua taa ya kuwatibu samaki. Aliuliza kama mtu huyo ana ndugu wa kumshauri.

Basi ushauri wangu ndio huu. Pazia la magharibi lifungwe. Chakula mara moja kwa siku, kidogo, hata Rais akija. Robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Nunua kwanza kipimo cha amonia, na katangi ka pembeni ka kuwaweka wageni wiki nne kabla hawajachanganywa na wenyeji. Ukifanya hayo mwezi mzima na maji bado ni ya kijani, nunua taa, ya kufunikwa, na uiandikie tarehe ubavuni kwa maka siku ya kwanza kuiwasha. Ukishindwa kufanya hayo, hiyo hela mpe dada.

Wasalaam,
Shemeji yako