Vakansi ya kipwa: bahari ya mbali au Bunkeya ya karibu?



Shule zitafungwa mwanzoni mwa mwezi wa saba, na sanduku la safari, lile tunaloliwekea pembeni ya likelemba tangu Krismasi, halijawahi kujaa namna hii. Makuta yapo. Ugomvi nao upo. Wengine wanasema mwaka huu watoto waone bahari, kufa na kupona. Wengine wanasema tuanze na vilivyo karibu na mlango wetu. Ofisi ya chama ilituomba sisi tunaofundisha historia na jografia tuandike mahali gani panafikika na watoto, pana nini pa kuona, na njia yake ikoje, ili siku ya kura kila mama ajue anachokichagua.

Tuanze na bahari, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi. Pwani ya Kongo yenyewe, kule Muanda, ni fupi, haifiki kilomita 50, nayo iko upande wa pili wa nchi. Kwetu watu wa Lualaba, bahari zenye njia ni mbili. Moja ni Lobito, Angola. Reli inayopita hapa kwetu kwenda Dilolo iliunganishwa na ile ya Angola mwaka 1931, na kutoka mpakani mpaka Lobito ni kilomita zaidi ya 1,300. Vita ya Angola iliiua kwa miaka mingi. Sasa shaba imeanza tena kupita humo. Lakini ni shaba. 

Ya pili ni Dar es Salaam. Unavuka Kasumbalesa, unakata Zambia mpaka Kapiri Mposhi, na hapo inaanza TAZARA, treni ya kilomita 1,860. Ukishafika, vya kuona ni vingi: Bagamoyo, mahali misafara ya bara ilipomalizia safari, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioandikwa na UNESCO mwaka 2000, na mbali zaidi kusini Kilwa Kisiwani, yenye msikiti wa mawe wa karne nyingi. Hatusemi kwamba si pazuri. Mukuba wetu unaiona bahari hiyo kila siku, maana malori yanayotunyima usingizi usiku mengine yanaelekea huko, na mengine Durban. Inachoma kidogo kufikiri kwamba jiwe la Kolwezi limetembea kuliko mtoto wa Kolwezi.

Basi hesabu. Kila mtoto na pasipoti yake. Kila mtoto na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mtoto anayesafiri bila baba ataombwa karatasi ya ruhusa yenye sahihi na muhuri, na kati yetu wako wajane, wako wanaolea watoto wa dada aliyefariki, wako ambao baba watoto alikwenda kuchimba na hajarudi. Kwa sanduku tulilonalo wangekwenda Dar watoto wachache tu. Wangechaguliwaje? Kwa maksi za darasani? Kwa mama aliyelipa zaidi? Hilo ndilo linalotusumbua sisi tulioandika, na hatufichi kwamba limetupeleka upande wa safari ya karibu. Kwa pesa hiyo hiyo, busi mbili zinabeba watoto wote.

Safari tunayoipendekeza ni hii: Likasi, Lubumbashi, kurudi kwa Bunkeya, na siku ya mwisho majini, hapa hapa Nzilo.

Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kilomita zaidi ya 300, njia ya lami, na malori ndiyo hatari yake. Tusafiri mchana tu. Tuondoke alfajiri, watoto wakiwa na makoti, maana baridi ya kipwa ya mwezi wa saba si mchezo, na kufika saa sita jua linachoma. Kwenye peaje, kila mama ashike watoto wake. Pale ndipo wanaposhuka kununua karanga na kusahaulika.

Likasi tutalala usiku mmoja. Watoto wengi wanaujua mji huo kama mji wa shangazi, hawajui kwamba uliitwa Jadotville mpaka 1966. Mwezi wa tisa 1961, askari kama 150 wa Umoja wa Mataifa waliotoka Ayalandi walizingirwa pale na jeshi la Katanga lenye mamluki. Walipigana siku tano, risasi na maji vikawaishia, wakatekwa. Wote walirudi kwao wakiwa hai. Mwaka 2016 ilitoka sinema juu yao. Kile kisiwa chao ni kidogo, bahari iko pande zote, wana makasri na maboma ya kale ya kutosha kumjaza mgeni mwezi mzima, na bado wazee wao wanalitamka jina Jadotville kama sisi tunavyolitamka jina la kijiji cha bibi. Watoto wetu hupita pale wakiwa wamelala kwenye busi.

Si mbali na Likasi iko Shinkolobwe, ilikotoka sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 mwezi wa nane 1945. Hapo hatuendi. Ni mahali palipofungwa, na mtoto hana kazi pale. Tutawaelezea tukiwa barabarani.

Lakini kabla ya kuingia Lubumbashi tutasimama Shilatembo, na tunaomba msimamo huo usikatwe hata kama tumechelewa. Ni porini, karibu na barabara hii hii ya Likasi. Usiku wa tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 Patrice Lumumba alipigwa risasi pale pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miili iliharibiwa ili pasiwe na kaburi. Kilichobaki ni jino moja, lililokaa Ubelgiji mpaka mwezi wa sita 2022; liliporudi lilipitishwa Shilatembo, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 mwezi huo. Mama mmoja alituuliza kama haya ni ya kuwaambia watoto wa miaka tisa. Sisi tunaona ndiyo, lakini kwa maneno machache, na tuanzie kwa mke wake. Pauline Opango, mwezi wa pili 1961, alitembea katika njia za Kinshasa, Léopoldville ya wakati ule, kifua wazi kama mama aliyefiwa, akidai apewe maiti ya mumewe amzike. Hakupewa. Aliishi mpaka 2014. Mtoto akielewa huyo mama, ameelewa mengine.

Lubumbashi tutakaa siku mbili. Mji ulianza 1910, reli ilipofika kutoka kusini. Kanisa kuu la Petro na Paulo, bomba refu la kiwanda cha shaba na mlima mweusi wa mabaki yake, hivyo vinaonekana bila kulipa. Bustani ya wanyama watoto wataidai wenyewe. Tunachokikazia ni makumbusho ya taifa, kwa sababu ya kitu kimoja: misalaba ya mukuba. Kabla ya franka, kabla ya Union Minière na Gécamines, wazee wa nchi hii waliyeyusha shaba katika tanuru za udongo na kuimimina katika umbo la msalaba, ikawa fedha na mahari. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kwenye ziwa Kisale, yaliyoanza kuchimbwa na wataalamu mwaka 1957, wafu walikutwa wamelazwa na vyungu vizuri na misalaba hiyo. Mtoto wa Kolwezi anasikia kila siku kwamba shaba ilianza na kampuni. Aone kwa macho yake kwamba si kweli.

Sasa Bunkeya, ambayo ndiyo moyo wa safari. Iko katika teritware ya Lubudi, mkoa wetu wenyewe, na njia nzuri zaidi ya kuifikia ni kupitia Likasi, kisha udongo mtupu. Kipwa panapitika, mvua ikianza ni matope. Pale ndipo Msiri alipojenga mji wake mkuu. Alikuwa Mnyamwezi, mwana wa mfanyabiashara Kalasa, na watu wake ndio Bayeke. Kutoka Bunkeya misafara ilibeba shaba, chumvi na pembe za ndovu mpaka pwani ya Bagamoyo upande wa mashariki, na mpaka Benguela upande wa magharibi. Kwa hiyo wale wanaotaka bahari wasidhani Bunkeya ni kinyume chake. Kiswahili tunachosema sokoni kilianza kuingia nchi hii kwa njia hizo, kabla ya kambi za wafanyakazi kukieneza.

Misafara hiyo ilibeba watu pia, waliouzwa. Tusiwafiche watoto. Basanga walimwasi Msiri mwaka 1891 kwa kuchoshwa na utawala wake, na kati yetu wako Basanga na wako Bayeke wanaokaa benchi moja. Wamama hao wawili wa pande mbili wakikubali kusimulia pale pale, kila mmoja alivyosikia kwao, litakuwa somo kubwa kuliko letu la darasani. Na lipo jambo litakalowapendeza wamama: wake wakubwa wa Msiri hawakukaa jikoni tu, walikuwa washauri wake na macho yake katika nchi.

Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 1891, kapteni Mbelgiji Bodson, wa msafara wa Stairs ulioanzia pwani ile ile ya mashariki, alimpiga Msiri risasi. Bodson naye aliuawa hapo hapo. Wazee wa Bayeke husimulia kwamba kichwa cha mfalme kilikatwa na kuchukuliwa, na mpaka leo wanauliza kilipelekwa wapi. Kila mwaka siku hiyo Bayeke hukusanyika Bunkeya kwa sherehe kubwa, na wengine wetu wangependa twende wakati huo. Tunaelewa. Lakini ni katikati ya mvua, na busi lenye watoto likikwama usiku katika njia ile, hakuna sherehe itakayolipa.

Nzilo haihitaji maneno mengi. Ni ziwa lililozaliwa na bwawa la umeme lililoanza kazi 1952 kwenye mto Lualaba, mto huo huo unaokuwa Kongo baada ya Kisangani na kumalizikia kwenye bahari ya Muanda. Samaki wabichi wapo, bukari tutapika wenyewe. Ila kuoga, hapana. Kichocho kiko katika maji yaliyotulia yenye majani, na hakuna mama anayependa kuona damu katika mkojo wa mtoto. Mamba nao hawatoi taarifa. Atakayepanda mtumbwi avae koti la kuelea. Bila koti, hapandi, hata akilia.

Kolwezi yenyewe hatukuiweka katika orodha, maana mji wa nyumbani hauhitaji busi. Lakini usingojee vakansi kuwaonyesha watoto. Mji ulianzishwa 1937, na mahali palipo juu ya madini hapangoji: Kasulo, tangu madini yaonekane chini ya nyumba mwaka 2014, si Kasulo tuliyoijua. Bibi zetu wanakumbuka vita ya mwezi wa tano 1978, nani alijificha wapi, maiti zililala njia gani. Nyumba zingine za hadithi hiyo zingali zimesimama. Nenda na mtoto, na bibi, asubuhi moja.

Kura ni siku ya posho ijayo, yaani Jumamosi, baada ya likelemba. Kila mama alete cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto atakayesafiri, au karatasi ya komini kama cheti hakipo, na kadi ya kliniki. Wanaolea watoto wasio na karatasi yoyote wapite mapema kwa karani wa chama, bado ziko siku za kutosha kuzitafuta.