Kijiji cha Mablanketi ya Viraka

Leo twawaalika kuvuka bahari pamoja nasi mpaka kusini mwa Marekani, katika jimbo la Alabama. Huko mto uitwao Alabama wazunguka kipande cha nchi pande tatu, hata karibu kukifanya kisiwa. Mahali hapo ni Gee's Bend. Tangu mwaka 1949 jina la serikali ni Boykin, lakini wenyeji hawajaacha lile la zamani.

Gee alikuwa bwana wa shamba la pamba, aliyefika mwaka 1816 pamoja na watumwa wake. Mwaka 1845 shamba likachukuliwa na Mark Pettway, jamaa ya akina Gee, kwa ajili ya deni. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, watu weusi walibaki palepale wakiilima ardhi isiyo yao. Hata leo wengi wao huitwa Pettway. Si kwamba wote ni wa damu moja, bali ni jina la bwana wa zamani lililowabakia.

Nyumba zao zilikuwa za mbao zenye nyufa, na wakati wa baridi upepo ulipenya ndani. Kwingineko akina mama hufuma mablanketi kwa nyuzi za sufu, nayo ni kazi ya kupendeza; lakini nyuzi hununuliwa. Wanawake wa Gee's Bend walianza na kile kilichokuwamo nyumbani: suruali za kazi zilizochakaa, magauni makuukuu, magunia matupu. Walivikata, wakaviunganisha kipande kwa kipande, hata ukapatikana uso wa blanketi. Chini yake walitandaza pamba, mara nyingi mabaki tu, yaliyopigwa kwa fimbo hata yakawa laini. Chini kabisa waliweka bitana. Kisha tabaka hizo tatu zilishonwa pamoja kwa mishono mingi, ili pamba isihame na kujikusanya upande mmoja.

Kuunganisha viraka ni kazi ya mama mmoja mmoja, kila mtu kwa fikira zake. Kushona tabaka ni kazi ya wengi: huketi kuzunguka kiunzi cha mbao, wakiimba nyimbo za kanisani. Namna moja yapendwa sana, nayo huitwa Paa la Nyumba: kiraka katikati, na vipande virefu kukizunguka, mraba ndani ya mraba, hata blanketi litimie. Kitambaa cha rangi moja kikiisha, hutiwa kingine. Mstari ukipinda, huachwa upinde. Hapo ndipo uzuri wake.

Mablanketi hayo yalishonwa katikati ya taabu. Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alifariki, na mjane wake akadai deni lote mara moja. Wakanyang'anywa mifugo, majembe na chakula. Msalaba Mwekundu ukawaokoa na njaa. Baadaye serikali ikainunua ardhi ile na kuwauzia wenyeji kwa mkopo, hata jamaa nyingi zikawa na mashamba yao wenyewe.

Mwaka 1942 mama mmoja, Missouri Pettway, alikuwa amefiwa na mumewe. Alizitwaa nguo za kazi za marehemu, akazikata na kuzishona blanketi, apate kumkumbuka na kujifunika upendo wake. Binti yake alimsaidia. Magoti ya suruali zile yalikuwa yamepauka kwa kazi ya shamba, naye hakuyaficha. Blanketi hilo sasa limehifadhiwa katika jumba la sanaa la taifa, mjini Washington.

Ikaja miaka ya kudai haki. Watu wa Gee's Bend walipovuka mto kwenda mji wa Camden kujiandikisha wapige kura, kivuko kikaondolewa mwaka 1962, na safari fupi ikawa ya saa nzima kwa barabara. Hawakurudi nyuma. Februari 1965 Martin Luther King alikuja kusema nao. Mwaka 1966, kwa msaada wa padre mmoja wa Kianglikana, Francis X. Walter, wanawake wa nchi hiyo waliunda ushirika wa kuuza mablanketi yao, wakapata fedha kwa kazi ya mikono yao. Mwaka 2002 mablanketi yalitundikwa katika majumba ya sanaa ya Houston na New York, na mwaka 2006 picha zake zikatiwa katika stempu za posta. Mwaka huohuo kivuko kikarudi. Leo mgeni anaweza kuvuka mto na kuona kando ya barabara mabango yenye picha za mablanketi hayo.

Akina mama na akina baba, twapenda kuwaachia jambo moja. Mwenzetu akifariki, nguo zake hugawanywa au hutupwa, na baada ya miaka michache watoto hawana kitu chake cha kushika. Kabla ya kuzitoa zote, wekeni kando shati moja na kitenge kimoja. Vikatwe, viunganishwe na vingine, mikono ya jamaa ikikutana juu ya kazi hiyo. Na mtoto atakayelala chini yake aambiwe kila kiraka kilikuwa cha nani.