Mtoto Asiyeficha Betri Iliyovimba

Hapa Kimamba, wilayani Kilosa, hawakosekani watu wanaojua jinsi mashine inavyomjeruhi mtu. Wapo wazee waliolisha majani ya mkonge kwenye korona, ile mashine ya kutoa nyuzi, waliopiga singa kwenye brashi, na wapo waliotumikia reli tangu ujana wao. Ninapotafuta watu wa kujitolea kuwa washauri wa usalama kwenye mashindano ya roboti ya wanafunzi, naanza na hao, ndipo niende kwa mwalimu wa fizikia. Baada yao nawafuata vijana waliopita VETA Mikumi, na wauguzi wa zahanati. Mimi ni mwalimu wa ufundi, na kuwaandaa washauri hawa ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote ninazozifanya nje ya darasa.

Mashindano haya yana mizizi mbali. Huko Marekani, mvumbuzi Dean Kamen alianzisha shirika la FIRST mwaka 1989, na mashindano yake ya kwanza yakachezwa Manchester, New Hampshire, mwaka 1992. Roboti za sekondari kule huweza kupita kilo 50, kwa hiyo watu wa kujitolea hupita katika eneo la matengenezo wakiangalia miwani, nyaya na mikono ya watoto. Tangu 2017 yapo pia mashindano ya FIRST Global, ambapo kila nchi hupeleka timu moja. Yalianzia Washington, na mwaka 2022 yakafika Geneva. Roboti za klabu zetu ni ndogo, mtoto anabeba moja kwa mikono miwili. Udogo huo ndio unaowafanya watu wazima walegee. Wanaona kifaa cha kuchezea, wakati ndani yake mna betri ya lithiamu.

Betri ndiyo inayochukua muda mwingi kwenye mafunzo yangu. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.7 za kawaida. Ikijaa inafika 4.2, na haifai kushuka chini ya 3.0. Chaja isiyolingana na betri haijui mipaka hiyo. Wanafunzi wetu wengi hupata seli kutoka kwenye kompyuta mpakato zilizokufa, wanazibandua na kuziunga wenyewe, na siwezi kuwalaumu kwa sababu betri mpya ni ghali. Ongeza joto la Kilosa, na betri iliyosahaulika juani kwenye dashibodi ya gari. Ongeza umeme unaokatika jioni na kurudi usiku wa manane, ambapo kila timu inachomeka chaja na kwenda kulala. Kwa hiyo mshauri wangu anajifunza kabla ya yote kwamba betri haichajiwi watu wakiwa wamelala, wala haichajiwi juu ya meza ya mbao. Inakaa ndani ya chungu cha udongo, juu ya sakafu ya saruji, na ndoo ya mchanga mkavu inakuwa karibu. Chungu kinapatikana sokoni, nacho hakishiki moto. Betri ikianza kutoa moshi, watoto wanatoka kwanza, kwa sababu moshi wake ni sumu. Mambo ya kuokoa roboti yatasubiri.

Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa korona ndiye aliyetupatia kanuni ninayoifundisha kila mahali sasa. Tulikuwa tunajadili namna ya kumzuia mtoto asiwashe roboti wakati mwenzake ana vidole kwenye gia. Vijana walikuwa wanapendekeza taa, kengele, vibao. Mzee akasema kiwandani majani yakikwama, fundi anayeingiza mkono ndiye anayeshika kitu cha kuwashia, hakiachi kwa mtu mwingine hata awe msimamizi. Tukaigeuza kwa roboti: anayetengeneza anachomoa plagi ya betri na kuitia mfukoni mwake mwenyewe. Hamkabidhi rafiki. Anapomaliza anasema kwa sauti, "Nawasha!" na wenzake wote wanajibu, "Washa!" Asipojibu mmoja, plagi inabaki mfukoni. Watoto wameipenda kwa sababu haihitaji kununua chochote.

Mengine hayana maneno mengi. Viatu vya shule vinafaa, ndala na yeboyebo hazifai, na kwa kuwa mazoezi ni Jumamosi lazima watoto waambiwe Ijumaa. Anayekata chuma anavaa miwani, na anayesimama kumtazama anavaa pia. Msichana mwenye hijabu haambiwi avue. Anaingiza ncha ndani ya shati na kuendelea na kazi. Risasi ya kulehemu mara nyingi ina madini ya risasi kweli, kwa hiyo maandazi hayaliwi pale mezani, na mikono inanawiwa kwa sabuni kabla ya chakula.

Yote hayo mtu mwenye akili anayashika kwa siku moja. Kinachochukua muda ni sauti yake. Wengi wanaojitolea wanakuja wakidhani wamepewa cheo cha mgambo. Wanapita kati ya meza wakifoka, wananyang'anya vifaa, wanawaaibisha watoto mbele ya shule nyingine. Katika mashindano fulani niliona timu ikikatwa pointi kwa sababu nyaya zake zilikuwa zimechubuka. Kabla ya saa moja kupita, meza zote zilizofuata zilikuwa zimefunikwa kwa masweta. Watoto walikuwa wanaficha. Tangu hapo nimeamini kwamba hatari kubwa kuliko waya uliochubuka ni mtoto anayemwogopa mtu anayeweza kumsaidia.

Ndiyo maana mafunzo yangu yana zoezi la kuigiza. Mimi nakuwa mwanafunzi mwenye betri iliyovimba, nimeificha nyuma ya mgongo, na mshauri anapaswa kunifikisha mahali pa kuitoa mwenyewe bila kunitisha. Wazee wanaume wanapata taabu zaidi hapa. Mtu aliyezoea kuamkiwa shikamoo na kutiiwa papo hapo haoni kwa nini amuulize mtoto. Lakini nawaambia waulize: "Mwanangu, hii inafanya kazi vipi?" Mtoto akianza kueleza roboti yake, huwa anafika mwenyewe kwenye kasoro. Macho yake yanaenda pale pale anapopaogopa.

Nimeona matunda yake kwa mama mmoja muuguzi tuliyemfundisha. Msichana wa kidato cha pili alimwendea wakati wa mapumziko, akamwamkia, akasimama kando bila kusema zaidi. Mama akamwitikia shikamoo yake, akanyamaza, akamwachia nafasi. Binti akafungua kitambaa: betri imevimba katikati kama andazi, plastiki yake imetanuka hadi maandishi yamepinda. Neno la kwanza la mama lilikuwa, "Asante sana kwa kuileta." Hakuuliza nani kaiharibu. Wakaenda nayo nje hadi kwenye chungu chenye mchanga, wakaiweka bila kuibonyeza wala kuitoboa, wakaweka mtu wa kuzuia wengine wasisogee. Kisha mama akazunguka kuomba betri ya akiba kutoka timu nyingine, akapata. Wale watoto walicheza mchezo wao. Mchana huo wanafunzi wa timu nyingine mbili walimletea mama betri zao aziangalie, bila kuitwa.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wakala wake, OSHA, unafahamika viwandani. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina namba yake ya dharura, 114, nami huwataka washauri waikariri. Ila meza ya klabu ya roboti Jumamosi asubuhi haina mkaguzi. Ina mwalimu mmoja mwenye watoto wengi, na mtu mzima mmoja wa kujitolea kama amepatikana.

Kwa hiyo nina ombi kwa waandaaji wa mashindano, kuanzia ngazi ya shule hadi ya taifa. Andikeni kwenye kanuni zenu kwamba timu inayotoa taarifa ya betri mbovu au waya uliochubuka haikatwi pointi hata moja, na wekeni mezani betri za akiba za kuazima. Na ninyi wastaafu wa mkonge na reli mlioko Kimamba, Kilosa na Mikumi, nendeni kwenye shule iliyo karibu nanyi, mumuone mwalimu wa klabu. Mnachokijua kinahitajika.