Pampasi za Babu Zinaishia Mkononi mwa Nani?

Birmingham, Uingereza

Ndugu zangu wa Tanga,

Juzi mdogo wangu kanitumia ujumbe wa sauti: mbwa wamechana tena viroba jalalani, pampasi za babu zimetapakaa hadi uani kwa jirani. Yeye alilia aibu. Mimi nimekasirika, na sababu si aibu.

Hapa nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Pampasi iliyotumika ina mfuko wake wa njano wenye mstari mweusi, pamoja na glavu na aproni tulizovaa. Mzee akipata kuhara kwa kuambukiza, taka zake huhamia mfuko wa rangi ya chungwa, maana hizo lazima ziuliwe vijidudu kwanza. Sindano zina kasha gumu, na likifika robo tatu linafungwa. Mfuko haushindiliwi wala haukumbatiwi kifuani. Gari la taka likija, kuna hati inayoeleza limebeba nini, na ile ya mifuko ya njano tunaitunza miaka 2. Sheria ya mazingira ya mwaka 1990 inambana mwenye taka hata zikishatoka mlangoni kwake.

Huku kila mtu anafunzwa kujiuliza: baada yangu, nani atazishika taka hizi? Kwetu, kiroba kikishavuka geti, basi. Nani anazishika, jamani? Kijana wa mkokoteni, mikono mitupu. Mwokota chupa, anayechambua jalala kwa vidole. Mtoto aliyefuata mpira wake. Na kabla yao wote ni dada wa kazi, mnayemwamsha usiku amgeuze babu, kisha mnamnyima glavu mkisema ni mkojo tu wa mzee.

Najua mnavyompenda babu. Wazee ninaowahudumia hawaogeshwi na wajukuu huku wakisomewa kaswida. Nikiwasimulia wenzangu kazini, wanatamani. Lakini upendo gani huo unaomwogesha babu na kumchafua anayembeba uchafu wake?

Sasa nisikilizeni. Mavi yamwagwe chooni kwanza, pampasi ikunjwe uchafu ukiwa ndani, ifungwe kwenye mifuko miwili, isubiri gari ndani ya pipa lenye mfuniko, mbwa asifike. Kwenye choo cha shimo msizitumbukize: zinavimba, haziozi, shimo linajaa upesi. Wala msizichome uani. Plastiki ile moshi wake ni sumu, na katikati hubaki mbichi. Palipomwagika pafuteni, ndipo mpitishe Jik, sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji. Glavu zikitumika mara moja zitupwe, na mikono ioshwe kwa sabuni hata kama zilivaliwa. Sindano za insulini za babu msizirudishie vifuniko. Ziingie kwenye dumu gumu la plastiki, likikaribia kujaa lipelekwe hospitali anakochukulia dawa.

Fedha ya glavu nimeituma leo kwa simu. Boksi la kwanza apewe dada wa kazi mwenyewe, mkononi, lisifungiwe kabatini.