Sifuri Haizai, Buda

Leo ni hesabu, na tafadhali usipite kwanza. Nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imemlemea mathe, lakini kuna topiki moja nilirudi nayo Makongeni na bado inanisaidia kupima mawaidha ya mtandaoni. Ni milinganyo ya mabadiliko.

Mlinganyo wa shule ya msingi hukuuliza: x ni ngapi? Huu unakwambia kitu kinabadilika kwa kasi gani, halafu unakuuliza kitapitia njia gani. Jibu si namba moja, ni njia nzima.

Kabla ya kuutatua, unajua kwanza ni wa aina gani. Maswali ni matatu.

La kwanza: mabadiliko yanafuata vitu vingapi? Chai unayoikoroga kikombeni inapoa kwa kufuata muda tu, so huo ni mlinganyo wa kawaida. Chapo ikiwa kwenye kikaangio, joto la katikati si la pembeni. Hapo unafuata muda na mahali pia, na huo huitwa mlinganyo wa sehemu.

La pili: oda yake ni ipi? Chai ni oda ya kwanza, unaangalia kasi tu. Mat ikipiga breki Thika Road, unaangalia vile kasi yenyewe inabadilika. Hiyo ni oda ya pili. Kuna digrii pia, yaani kipeo cha hiyo oda ya juu kabisa. Ndiyo, mlinganyo una digrii na mimi sina. Chekeni mmalize.

La tatu: ni wa mstari ama la? Wa mstari, kitu na kasi yake havipandishwi kipeo wala havizidishwi pamoja. Mfano ni sensa yetu. Mwaka 1999 tulikuwa milioni 28.7, na 2009 tukawa milioni 38.6. Ukisema kasi ya kukua ni namba moja isiyobadilika mara idadi ya watu, 2019 tungekuwa karibu milioni 52. Tulihesabiwa milioni 47.6. Kumbe ile namba haikukaa palepale. Mbelgiji Verhulst alishaona mwaka 1838 kwamba watu wakijaa, ukuaji hupungua, akaongeza kipande chenye idadi ya watu kipeo cha pili. Hapo mlinganyo si wa mstari tena.

Sasa tuje mtaani. Kuna wale jamaa wa motivesheni: "Weka bidii, doo itajizalisha." Huo ni mlinganyo wa mstari, oda ya kwanza: kasi ya kukua ni bidii mara ulicho nacho. Poa. Lakini weka hali ya mwanzo: ulicho nacho ni sifuri. Bidii mara sifuri ni sifuri. Leo sifuri, kesho sifuri, hadi uzeeke. Hesabu haikutukani, inakuonyesha tu kwamba bidii haina kitu cha kushika.

Kinachobadilisha mambo ni kipande cha kuongeza kutoka nje: mkopo wa chama cha mathe, boda ya kuazimwa na anko, soo tano ya beshte. Utaniambia, "Si ana mikono, aende mjengo?" Sawa, mjengo pia ni kipande cha nje. Lakini kuna cha kutoa pia: rent, unga, nauli. Kikibaki hata kidogo, grafu inaanza kupanda, na hapo ndipo bidii inapata kazi. Kisipobaki, usimwite mtu mvivu.

Na kuna jambo moja zaidi. Mlinganyo una jibu la jumla, lenye namba ambayo bado haijajulikana. Ukiweka hali yako ya mwanzo, unapata jibu maalum, lako pekee. Jamaa aliyeanzia kwenye duka la babake ana jibu lake maalum, na si la uongo. Shida ni kwamba anakuuzia kama jibu la jumla.

So msee akikuonyesha grafu yake ikipanda, usimchukie na usijichukie. Muulize tu: ulianza na ngapi, na nani alikuongezea?