Nililaumu Shingo za Wenzangu

Nimewakosea watu niliofanya nao kazi, na maumivu ya kosa hilo yaliwapata wao kabla hayajanifikia mimi. Ni wahariri, wapangaji kurasa na wachapaji wa kampuni ndogo ya vitabu hapa Dar es Salaam. Mimi ndiye niliyewachagulia kompyuta mpakato walizozitumia kutwa, na zilipoanza kuwaumiza, niliwachunguza wao nikaziacha mashine. Naliungama jambo hili hadharani kwa kuwa naamini wapo wakuu wa ofisi wengi ambao leo hii wanatenda nilivyotenda, huku wakidhani wanawafadhili watu wao.

Nia yangu ilikuwa njema. Tulikuwa na kompyuta za mezani zilizochakaa, na kipindi cha mgao kila umeme ulipokatika kazi ya asubuhi nzima ilipotea. Kompyuta yenye betri yake ndani ilionekana kuwa ukombozi: umeme ukienda, mtu anaendelea; foleni ikimchelewesha, anaanzia kazi nyumbani. Nikakabidhiwa fedha nikaingia madukani. Nilitazama wembamba, uzito, ukubwa wa diski na muda ambao betri ingekaa na chaji. Nilizinyanyua kwa mkono mmoja nikafurahia wepesi wake. Sikuomba kiti hapo dukani nikachapa hata ukurasa mmoja. Nikachukua zenye gamba la alumini na kioo kinachong'aa, kwa sababu zilipendeza. Zile za zamani tukaziuza kwa bei ya kutupa, pamoja na skrini na kibodi zake. Ya kwangu nikaibakiza mezani pangu, kwa hoja kwamba mafaili ya hesabu yalikuwa humo.

Malalamiko hayakukawia. Mhariri wetu mkuu, dada mpole asiye na tabia ya kulalama, alinijia jioni moja akasema, "Kaka, shingo hii ikifika saa tisa haigeuki." Nikamjibu akae wima. Kijana anayepanga kurasa alisema vidole vyake, kuanzia gumba hadi cha kati, vinakufa ganzi. Nikamwambia aache kuegemea meza. Mama mmoja aliyekuwa mchapaji tangu enzi za taipureta alisema akiweka mikono juu ya mashine anahisi kitu kinamtambaa. "Mwanangu, hiki kitu kina umeme," aliniambia. Nikamshauri avae viatu.

Kisha nikabandika bango ukutani. Lilionyesha mtu aliyekaa vizuri: mgongo umenyooka, mabega yameshuka, viwiko vimekunjwa sawasawa, macho yako usawa wa ukingo wa juu wa skrini. Kila aliyelalamika nilimwelekeza kwenye bango. Na yule dada alipoleta boksi la viatu kutoka nyumbani akaiinua mashine yake juu, akachomeka kibodi aliyoinunua kwa fedha zake, nilimwomba aviondoe kwa sababu tulikuwa na wageni na meza yake haikupendeza. Aliviondoa bila kusema neno. Katika yote niliyotenda, hili ndilo linaloniuma zaidi. Alikuwa amepata dawa, nami nikamnyang'anya.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikuja kukilalia kitanda hicho pale kompyuta yangu ilipoungua katikati ya uhariri wa kitabu kinene cha shule, ikabidi nichukue mojawapo ya mashine nilizowanunulia wenzangu. Kazi haijafika nusu, tayari nilikuwa siwezi kugeuza kichwa kutazama magari kabla ya kuvuka barabara. Nikaliendea bango langu ili nilitii. Nikaiinua mashine juu ya kamusi mpaka skrini ikafika usawa wa macho. Mabega yakapanda na mikono ikabaki inaning'inia hewani. Nikaishusha mpaka viwiko vikakaa vizuri, kichwa kikainama. Nikajaribu katikati, nikaumia kotekote. Hapo ndipo nilipolitazama lile bango kwa makini kwa mara ya kwanza. Mtu aliyechorwa alikuwa mbele ya kompyuta ya mezani, yenye skrini peke yake na kibodi peke yake. Nilikuwa nimewaamuru watu wakae kwa namna ambayo vifaa nilivyowapa haviruhusu.

Hiyo ndiyo kasoro ya msingi ya kompyuta mpakato, na hakuna unyoofu wa mgongo unaoweza kuiondoa. Macho yanataka skrini iwe juu na mbali kidogo. Mikono inataka kibodi iwe chini na karibu. Vitu hivyo viwili vikiunganishwa kwa bawaba, lazima kimoja kikae pasipofaa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5, sawa na dumu la maji la lita 5. Dumu ukilikumbatia kifuani utalibeba kwa muda. Ukilishika kwa mkono ulionyooshwa mbele, bega litawaka hata kabla hujafika mlangoni. Kichwa kilichoinama kinaivuta misuli ya ukosi kwa namna hiyohiyo, nayo haipumziki mpaka mtu aondoke kitini.

Umbo hilo lilibuniwa kwa ajili ya safari. Mwaka 1982 kampuni ya Marekani iitwayo GRiD ilitoa Compass, kompyuta iliyosanifiwa na Mwingereza Bill Moggridge, ambayo skrini yake ilifunikwa juu ya kibodi. NASA iliitumia katika vyombo vyake vya anga. Kwa mtu aliye safarini, akiandika kidogo kisha akifunga, ni ubunifu wa maana sana. Kosa ni la sisi tulioigeuza mashine ya safari kuwa meza ya kazi ya kudumu.

Na tahadhari ilikuwapo zamani. Mei 1990 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo Na. 90/270 kuhusu kazi za mbele ya skrini. Lilitaka kibodi itenganishwe na skrini na iweze kuinamishwa, skrini iweze kugeuzwa na kuelekezwa kwa urahisi, na isiwe na mng'ao unaomsumbua mtumiaji. Kompyuta za kubeba liliziacha nje, ila kwa sharti: ziwe hazitumiki kwa muda mrefu mahali pa kazi. Wenzangu walizitumia tangu asubuhi hadi jioni. Majirani zetu wa Kenya, katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, wanamtaka mwajiri alinganishe sehemu ya kazi, vifaa na kazi yenyewe na uwezo wa mfanyakazi. Mimi nilimlinganisha mfanyakazi na kifaa, kisha nikamlaumu kwa kutotoshea.

Nilipoanza kusikiliza, kila lalamiko nililolipuuza lilionekana kuwa na sababu yake ndani ya mashine. Ganzi ya yule kijana ilitokana na ukingo wa mbele. Mwaka 1991 Apple walitoa kompyuta mpakato za PowerBook zilizoisogeza kibodi nyuma, kuelekea skrini, na kuacha uwanda wa kuegemeza viganja. Watengenezaji wengine wakafuata. Uwanda huo ni msaada mkubwa, lakini katika mashine nilizozinunua ukingo wake ulikuwa mkali, nao uliukandamiza upande wa ndani wa kifundo cha mkono, hapohapo unapopita mshipa wa fahamu unaohudumia gumba, shahada na kidole cha kati. Kijana hakuwa anaegemea kwa uvivu. Mashine yenyewe haikumwachia mahali pengine pa kuweka mikono.

Padi ya kuguswa nayo ilikuwa pana, katikati ya njia ya viganja. Gumba likiipitia kwa bahati mbaya, kishale kiliruka hadi aya nyingine na maneno yakaanza kuingia huko. Zamani niliwakaripia wahariri kwa sentensi zilizohama mahali pake. Nilipoitumia mashine mwenyewe, sentensi zangu nazo zikahama.

Vibonye vilikuwa vifupi mno. Kibodi ya kawaida ya mezani hushuka kama milimita 4 kidole kinapobonyeza. Za mashine nyembamba hushuka milimita 1 hivi, na kidole hugonga sakafu ngumu maelfu ya mara kwa siku. Hata kampuni zenye fedha na wataalamu wa kila aina zimejikwaa hapa. Apple walileta kibodi nyembamba sana mwaka 2015, wateja wakalalamika kwamba chembe ya vumbi tu ilitosha kukwamisha vibonye, na kuanzia 2019 kampuni ikarudi kwenye muundo wa awali. Wembamba unaonekana dukani, ndiyo maana unauzika. Maumivu ya vidole hayaonekani mpaka fedha iwe imeshalipwa.

Kioo nacho nilikinunua kwa sababu hiyohiyo. Kilipendeza chini ya taa za duka. Ofisini kwetu, madirisha yakiwa nyuma ya wachapaji, kiliwarudishia jua la Dar es Salaam usoni, nao wakawa wanainama na kukunja nyuso ili wasome. Tena kilikuwa kipana na kifupi, kwa uwiano wa 16 kwa 9 kama televisheni, wakati sisi tunashughulika na kurasa za kitabu, ambazo ni ndefu. Mhariri aliona nusu ya ukurasa kwa wakati mmoja, akashinda anapandisha na kushusha. Siku hizi watengenezaji kadhaa wamerudia skrini ndefu zaidi. Ningejua kuzitafuta kama ningewauliza watakaozitumia.

Na yule mama alisema kweli tupu: mashine ilikuwa na umeme. Fundi alinifafanulia. Ndani ya chaja kuna kijisehemu cha kupunguza vurugu za mawimbi ya umeme, nacho hupitisha mkondo mdogo sana kutoka upande wa umeme mkubwa kwenda upande wa kompyuta. Kwenye soketi yenye waya wa eathi, na chaja yenye pini inayouunganisha, mkondo huo hushuka ardhini. Eathi ikikosekana, hutulia kwenye gamba la chuma na kumpitia mtu anayeligusa. Mkondo wenyewe kwa kawaida ni mdogo mno kumdhuru mtu, lakini unakera na kuchosha. Kilichomtisha fundi ni jambo jingine. Nyaya za kurefushia umeme nilizozinunua kwa bei nafuu zilikuwa na matundu matatu kwa nje na waya mbili tu ndani. Kifaa chochote chenye hitilafu kubwa kingeweza kumpiga mtu pale mezani, na hakuna kitu kingemkinga. Mama yule alitupa onyo, nikamrudisha mezani na viatu.

Joto nalo sikulijali. Niliwasifu vijana waliofanyia kazi kitandani usiku, mashine ikiwa mapajani au juu ya mto. Godoro na mto huziba matundu ya hewa yaliyo chini, feni inazidi kulia, na chuma kinapata moto. Majarida ya tiba yameeleza visa vya watu waliopata mabaka mekundu yenye umbo la wavu mapajani kwa kupakata kompyuta yenye joto muda mrefu. Nilichokisifu kama bidii kilikuwa kitu cha kuzuia.

Nimejiuliza kwa nini nilikuwa mwepesi wa kuwalaumu watu. Jibu ni kwamba kumrekebisha mtu hakukunigharimu chochote, ilhali kukiri kasoro ya kifaa kungenilazimu kukiri kwamba nilinunua vibaya. Na kwa kuwa nilibaki na skrini yangu kubwa na kibodi yangu, mwili wangu haukuwa na ushahidi wa kupingana na kiburi changu. Nao waliniheshimu, kwa hiyo baada ya kujibiwa mara kadhaa walinyamaza. Nikauhesabu ukimya wao kuwa maumivu yamekwisha.

Niliitisha kikao nikaomba radhi, kila mmoja kwa lalamiko lake. Tukanunua kibodi na vipanya vya kuchomeka, seremala akatutengenezea vibao vya kuinulia mashine, nyaya zote za umeme zikabadilishwa, meza zikageuzwa ili madirisha yawe ubavuni. Kompyuta hatukuzitupa, bado zinatufaa mgao ukija, na zinabebeka mtu anaposafiri. Vitu vyote tulivyoongeza kwa kila mtu vilikuwa sehemu ndogo ya bei ya mashine moja. Lakini si kila kitu kilitengenezeka. Yule dada hawezi tena kuhariri kutwa nzima kama zamani, na anaendelea na mazoezi ya viungo. Radhi yangu haimrudishii shingo yake.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mnaowanunulia wengine vifaa: kaeni dukani mchape ukurasa mzima kabla ya kulipa, na mkiweza nendeni na mtakayemkabidhi. Hesabuni kibodi, kipanya na kibao cha kuinulia kuwa sehemu ya bei ya kompyuta, maana bila hivyo mmenunua nusu ya meza ya kazi. Kagueni eathi. Msibaki na kizuri peke yenu huku wengine wakitumia mnachokisifu. Na mtu akisema anaumia, anzeni kukitazama kifaa. Dada yule aliniambia ukweli mapema kabisa, na siku ile kumsikiliza kungenigharimu kibodi moja na kipanya kimoja tu.